Mtunza siri anayeomba afungwe macho

Niseme mapema tumalizane: mjinga wa siku ile nilikuwa mimi.

Saa tano asubuhi, katika chumba cha chini cha hospitali kubwa, nimekaa mbele ya skrini iliyojaa majina ya wagonjwa. Mkuu wa kitengo cha kompyuta, aliyenialika nije nione walivyo wa kisasa, amenivutia kiti kwa mkono wake. "Tazama utakavyo, ndugu mwandishi," ananiambia. "Hapo hakuna mtu wa kweli hata mmoja. Wote wamefunikwa."

Nyuma yake amesimama mwanamke mwembamba mwenye sweta la kijivu, mikono ameikunja kifuani. Uso wake unasema: mimi simo.

Mkuu anageuka kuitafuta chaja yake. Mimi nashuka na orodha. Mstari wa kumi na tisa nakutana na shemeji yangu, mume wa dada yangu. Si wa kufanana naye. Majina yake yote matatu, na hilo la tatu ni la babu yake, jina ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu mwingine. Mbele yake pameandikwa kwamba figo zote mbili zimeshindwa kazi.

Mwenye akili angeuliza. Mimi nilitoka koridoni, macho yamejaa machozi, nikapiga simu.

"Shemeji, nimejua. Mzigo huu usiubebe peke yako."

Shemeji yangu ni fundi wa paa. Muda ule alikuwa juu ya nyumba ya watu, misumari mdomoni. "Umejua nini?"

"Habari ya figo."

Nikasikia kitu kikidondoka na kugonga mabati. Namshukuru Mungu ilikuwa nyundo.

Kufikia saa saba mchana dada yangu alikuwa ameshalia, ameshanyamaza, na ameshaanza kumhoji mumewe ni nini kingine amemficha. Shemeji akaapa kwa kila anachokiamini kwamba hana ugonjwa. Kadiri alivyoapa ndivyo alivyozidi kuonekana mgonjwa jasiri.

Lakini makala haya si ya figo za shemeji. Ni ya yule mwanamke wa sweta la kijivu, aliyekuwa amesema wiki saba kabla kwamba jambo la namna hii litatokea, na hakuna aliyemsikiliza.

Hospitali nzima wanamwita Kitasa. Ana miaka arobaini na minne, na kwa miaka kumi na moja amekuwa mtunzaji wa hifadhidata, yaani ghala la kompyuta linalobeba taarifa za kila aliyewahi kulazwa, kupimwa au kuchomwa sindano katika jengo lile. Ni watu milioni moja na laki tatu. Yeye ndiye mwenye ufunguo.

Chumba chake unakifikia kwa ngazi kumi na sita. Hakina dirisha. Kina meza mbili, kiti chenye mguu uliofungwa kwa waya, feni, birika la umeme na kikombe kimoja. Ukuta wa kushoto hutetemeka kutwa nzima, maana upande wa pili ni chumba cha kufulia mashuka.

"Nimezoea," anasema akiugusa ukuta. "Siku mashine zikiharibika huko, nahisi kama mtu ameondoka nyumbani."

Ni mcheshi kuliko anavyoonekana. Nilipomuuliza kama mshahara unamtosha, alijibu: "Unamtosha sana mtu asiyealikwa popote. Sinunui zawadi, sichangii keki."

Nilidhani anatania. Saa saba tukapanda kwenda kula.

Katika ukumbi wa chakula Kitasa anachagua meza ya watu sita, anakaa pembeni kabisa. Wauguzi watatu waliokuwa mwisho wa pili wanacheka kwa sauti. Wanamwona. Kicheko kinapungua, kinakuwa kikohozi, kisha mmoja anasema wameshiba. Sahani zao zina chakula nusu.

"Usiwalaumu," Kitasa ananiambia akikata mkate wake. "Yule wa katikati alijifungulia hapa. Yule mwembamba alilazwa mwaka juzi. Wanajua ufunguo ninao. Basi wananitazama kama mtu aliyewachungulia bafuni."

"Na uliwachungulia?"

"Hata siku moja. Hakuna aliyeniapisha, ila nilijiapisha mwenyewe, siku niliyokabidhiwa, nikiwa naoga: faili la mtu sitalifungua kwa kutaka kujua." Akatafuna taratibu. "Tatizo la kutofanya kitu ni kwamba huna cha kuonyesha. Aliyeiba ana mali. Asiyeiba ana maneno tu."

Mwaka huu, kwa hesabu yake mwenyewe, amekula na mtu mwingine mara nne. Mara ya nne ni mimi. Mara tatu ni mfuaji wa mashuka wa upande wa pili wa ukuta, mzee mnene anayeitwa Baba Sabuni, ambaye hospitali nzima humpigia kelele za salamu anapopita na toroli lake.

Baba Sabuni humtania Kitasa bila huruma. "Mwanangu, mashuka ya jengo hili yote yamepita mikononi mwangu," alisema siku hiyo akisimamisha toroli mbele yetu. "Najua nani katapika, nani kajikojolea, nani kalia usiku kucha. Na bado wananipenda! Wewe umekosea wapi?"

"Shuka ukilifua linasahau, baba," Kitasa akamjibu. "Mashine yangu haisahau."

Mzee akacheka mpaka toroli likasogea lenyewe.

Kazi iliyomfikisha Kitasa kwenye magomvi na mkuu wake ilianza miezi mitano iliyopita. Hospitali ilikuwa inajengewa mfumo mpya, na wajenzi ni watu wa nje. Wajenzi hao wanahitaji nakala ya taarifa za wagonjwa wajaribie kazi yao, kama fundi cherehani anavyohitaji mwili wa kupimia nguo. Sasa huwezi kuwapa wagonjwa wenyewe. Zipo programu zinazofanya kazi ya kufunika: zinachukua taarifa za kweli, zinazigeuza kuwa za uongo unaofanana na kweli, kisha ndiyo nakala inatoka. Zipo za aina nyingi, nyingine hulinda na mlango pia, kuona nani kaingia na kaangalia nini. Kitasa aliambiwa azilinganishe tatu na kupendekeza moja.

Alizilinganisha kwa daftari la mistari na penseli. Alifanya majaribio mia mbili na kumi na mawili. Na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kuzungumza naye, programu zenyewe akazipa majina.

Ya kwanza ni Bwana Harusi. "Ilikuja na vijana watatu wenye suti. Skrini zake zina rangi, kila kitu kinazunguka. Nikaiambia haya, funika. Ikafunika. Ikampa ujauzito mzee wa miaka themanini." Anasema hivyo bila kutabasamu. "Ilibadilisha umri na jinsia bila kuangalia mtu anatibiwa nini. Wajenzi wakijaribia mfumo kwa wagonjwa wa namna hiyo, watatujengea mfumo wa vichaa."

Ya pili ni Mbio. Hiyo ndiyo mkuu aliyoipenda. Wagonjwa wote milioni moja na laki tatu inawafunika kwa dakika arobaini. Inafanyaje? Haibuni jina hata moja. Inachukua majina yaleyale ya wagonjwa na kuyagawa upya, kama watu wengi waliovua viatu mlangoni kisha kila mmoja akatoka na vya mwenzake. Ugonjwa unabaki palepale, jina linahama.

Ya tatu ni Kobe. Inatumia saa tisa. Kobe hubuni majina ambayo hayamo kabisa kwenye ghala. Mgonjwa mmoja humpa jina moja la uongo kila mahali, maabara, chumba cha dawa na wodini, ili asionekane watu watatu. Husoma hata maelezo marefu ya madaktari, yale ya "mama huyu ni mke wa mwalimu mkuu", na kuyasafisha. "Kobe ana ubaya wake," Kitasa anakiri. "Ni mzito, anakula nafasi, na majina anayobuni mengine ungempa mbuzi akakataa. Nimeandika yote humu."

Mkuu hakutaka kusikia habari ya saa tisa. Wajenzi walitaka nakala Ijumaa. Kitasa ananisimulia mabishano yao kama mtu anayesimulia mechi aliyofungwa.

"Nikamwambia, mkuu, Mbio inaacha majina ya kweli. Akasema, ndiyo, lakini si ya mwenye ugonjwa. Nikasema, hilo ndilo baya zaidi, unampa mtu ugonjwa asio nao. Akasema, mama, wajenzi wako mbali, nani anawajua watu wetu? Nikamwambia, mkuu, kila mgonjwa ni shemeji wa mtu."

Mkuu alicheka, akasema atalitumia neno hilo siku ya kuaga mwaka. Kisha akamwita mwandishi wa habari aje aone Mbio ikifanya kazi. Mengine mnayajua.

Kesho yake saa nne shemeji alishuka zile ngazi kumi na sita mwenyewe, na vumbi la paa mabegani. Dada yangu alikuwa ametaka barua yenye muhuri, ya kuthibitisha kwamba figo za mumewe ni nzima. Mkuu akampokea kwa heshima zote.

"Ndugu yangu, usiwe na wasiwasi, ile ni nakala ya majaribio. Si taarifa zako."

"Jina ni la nani?"

"Jina ni lako, lakini..."

"Babu ni wa nani?"

"Wako, ila unajua, mfumo..."

"Mzee, miaka miwili iliyopita nilikuja hapa na kidole kilichovunjika." Shemeji akakiinua, kimepinda kidogo. "Kidole! Mmenirudisha nyumbani na figo. Hiyo mashine yenu inafunika au inagawa?"

Mkuu akamgeukia Kitasa, nadhani akitegemea kusutwa. Kitasa hakusuta. Alifungua daftari lake ukurasa wa wiki saba nyuma, akaliweka mezani. Kwa penseli palikuwa pameandikwa: "Mbio. Jina la kweli, ugonjwa wa mwingine. Iko siku mwenyewe atajiona."

Shemeji akausoma mstari ule kwa sauti, polepole, kama fundi anayesoma kipimo. Akamtazama Kitasa. "Dada, kwa nini wewe si mkuu?"

Mkuu akakohoa. Kobe ikachaguliwa, na Ijumaa ya wajenzi ikasogezwa ikawa Jumatano.

Lakini Kitasa alikuwa na sababu nyingine ya kumtaka Kobe, ambayo hakuiandika daftarini. Mkuu aliigusa bila kujua, siku ileile, shemeji alipokwisha kuondoka na barua yake.

"Mama, umesoma ukurasa wa mwisho wa maelezo?" alimuuliza. "Kobe ikishawekwa, inagawa ufunguo vipande viwili. Kimoja kwako, kingine kwa mkaguzi wa ndani, jengo jingine kabisa. Bila vyote viwili, faili halifunguki. Na likifunguliwa inaandikwa, na hakuna wa kufuta. Utakuwa unatunza ghala usiloliona ndani. Unajifunga macho mwenyewe!"

"Fundi bomba hahitaji kujua nani anaoga, mkuu."

"Lakini kwa nini ujitakie?"

Mkuu alipopanda ngazi, Kitasa aliwasha birika, akanipa kile kikombe kimoja, na yeye akanywea kwenye mfuniko wa chupa ya chai.

Ana mdogo wake wa kike. Wamezaliwa wawili tu, na wazazi hawapo. Zamani mdogo huyo alikuwa akija kwake kila Jumapili, wanasukana, wanagombana, wanalala kitanda kimoja mpaka mmoja amsukume mwenzake chini. Miaka sita iliyopita Kitasa alikuwa akitoka kazini, akakutana naye koridoni pale hospitali. Ameshika mfuko wa nguo. Mkononi ana ule mkanda wa plastiki wanaofungwa waliolazwa. Alikuwa ndiyo kwanza ameruhusiwa.

"Nikaona mkanda. Nikajua amelazwa hapa na hakuniambia. Nikasema moyoni, hajataka nijue. Basi nikamsalimia kama siku zote, nikatazama pembeni, nikampisha apite. Sikuuliza. Nilitaka aone kwamba siri yake iko salama kwangu."

Jumapili iliyofuata hakuja. Wala nyingine. Simu akawa anapokea za sikukuu tu.

"Anadhani nilirudi humu nikafungua faili lake," Kitasa anasema. Ukuta unatetemeka nyuma yake. "Sikufungua. Lakini nitamthibitishiaje? Ukimwambia mtu hukumchungulia, anasema, na dirisha lilikuwa wazi? Basi nikasema, nitaliziba dirisha. Siku nikiweza kumwambia 'hata nikitaka siwezi', labda atarudi."

Hapo nikayaelewa yale majaribio mia mbili na kumi na mawili.

Kobe iliwekwa Jumanne ya wiki iliyofuata. Nilirudi kushuhudia, safari hii nikiwa nimeahidi kutogusa simu. Inafanya kazi tangu asubuhi. Saa kumi jioni kengele ndogo inalia na skrini inatulia. Kitasa anaandika nywila yake, anajaribu kufungua faili moja lolote. Mashine inamjibu kwa mstari mmoja: huna ruhusa. Anajaribu njia ya pili, ya tatu, ile ya nyuma anayoijua peke yake. Huna ruhusa.

Anacheka. Kicheko kile chumba kile hakijawahi kukisikia, maana Baba Sabuni anagonga ukuta kwa upande wa pili. "Kitasa! Uko na mtu?"

"Nimefukuzwa, baba!"

"Na nani?"

"Na mimi mwenyewe!"

Ananionyesha boksi chini ya meza. Ni vikombe sita vipya, bado vina karatasi. Mpango wake ni kubandika tangazo kwenye ukumbi wa chakula, kwa maneno mepesi, kueleza kwamba kuanzia leo mtunza ghala haoni ndani ya ghala, na anayetaka kuhakikisha ashuke, ajaribu mwenyewe, anywe na chai. "Wakija wawili tu, nimeshinda," anasema. "Wasipokuja, nitakuwa na vikombe saba vya kunywea peke yangu. Lakini wa kwanza kuambiwa ni mdogo wangu."

Simu yake imekufa kipaza cha sikioni, husikika kwa sauti kubwa tu. Nilinyanyuka nitoke. Akaniashiria nikae, nadhani alitaka shahidi. Baadaye mdogo wake, alipoambiwa kwamba nilikuwepo, alikubali niandike, kwa sharti kwamba ugonjwa wake usitajwe. Hautatajwa. Siujui.

"Dada," sauti ikasema. "Leo si sikukuu."

"Nina habari. Tumeweka programu mpya. Kuanzia leo sioni faili la mtu. Lako pia. Hata nikitaka, siwezi."

"Hongera."

"Na hata kabla ya leo sikuwahi kuliona. Naapa, mdogo wangu. Sikulifungua."

"Najua."

Kitasa akanitazama. Mkono wake ulikuwa juu ya boksi la vikombe. "Unajua?"

"Ungelifungua, ungekuja. Siku tisa nililala ghorofa ya tatu, dada, wewe uko chini yangu. Usiku nilikuwa nasikia zile mashine za jirani yako za kufulia. Nikawa nasema, ufunguo anao, leo ataona jina langu, atapanda."

"Nisingeweza. Niliapa sitafungua faili la mtu. Hata lako. Hasa lako!"

"Sawa. Na ile siku ya koridoni?"

"Nilikuona na mkanda. Nikanyamaza makusudi, nikuheshimu. Nilifanya kosa gani? Ulitaka nivunje kiapo?"

Ukuta ulikuwa umenyamaza. Upande wa pili walikuwa wamezima mashine.

"Faili ungeliacha limefungwa, nani alilitaka?" mdogo wake akasema. "Ungefungua mdomo, dada, ukaniuliza naumwa nini."